Uyahudi wetu wa Afrika Mashariki: yale watu hudhani na vile mambo yalivyo

Mimi ni Mbukusu wa Bungoma, magharibi ya Kenya, nimelelewa Mkatoliki, na leo ni Myahudi. Nikisema hivyo maswali huanza hapo hapo, nimeyasikia kwa matatu, kwa matanga, hata nje ya kanisa nikiwa nimemsindikiza mama kwa harusi ya binamu. Siwalaumu watu kabisa, huku kwetu wengi wanaujua Uyahudi kupitia Biblia na habari za vita basi, hawajawahi kukaa meza moja na Myahudi wakala pamoja. Kwa hivyo wacha nijibu yale naulizwa sana, na nitajibu kwa vile nimeona Nabugoye, kile kilima kilicho nje ya mji wa Mbale ambako Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, wana sinagogi yao, na ndio mahali nimejifunzia karibu kila kitu. Kitu kimoja nimegundua ni kwamba watu huniuliza kuhusu damu yangu ama kuhusu imani yangu, lakini ni nadra sana mtu aniulize ninaomba na akina nani, na kwa Uyahudi hilo ndilo swali lenyewe.

"Wayahudi ni Wazungu, wewe unaigiza tu"

Hii ndio huja ya kwanza kila mara. Sasa, kuna Wayahudi wa Yemeni, wa Iraki, wa Moroko, wa India, na hapa jirani Ethiopia kuna Beta Israel ambao wameishi milimani huko kwa karne nyingi wakishika Sabato. Mwaka 1991 watu zaidi ya 14,000 walichukuliwa kutoka Addis Ababa kwa ndege mpaka Israeli kwa muda wa saa kama 36 hivi, na sikukuu yao ya Sigd tangu 2008 ni sikukuu ya taifa kule. Kwa hivyo rangi haijawahi kuwa kipimo.

Abayudaya wao stori yao ni tofauti na hawaifichi, hawasemi ati wametoka kabila lililopotea. Wanasema wazi kwamba walianza 1919 na mtu anaitwa Semei Kakungulu. Huyu mzee alikuwa jemadari Mganda aliyesaidia Waingereza kuteka mashariki ya Uganda akitarajia kupewa ufalme, hawakumpa, wakakosana. Akajiunga na Wamalaki, dhehebu lililokuwa linakataa dawa za hospitali, lakini alivyozidi kusoma Agano la Kale akaona tohara imeamriwa na hakuna mahali imefutwa. Inasimuliwa kwamba Wamalaki walimwambia ukitahiriwa utakuwa Myahudi, naye akajibu basi mimi ni Myahudi, akajitahiri yeye na wanawe. Mwaka uliofuata akapita Myahudi mmoja wa kutoka ng'ambo, Yosef, akakaa nao miezi kadhaa akiwafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja, na 1922 Kakungulu akachapisha kitabu cha sala na sheria kwa Kiganda. Mimi hunipendeza sana hii, kwamba jamii nzima ilizaliwa kwa mtu mmoja kusoma kwa makini na kukataa kuruka mstari.

Halafu akaja Idi Amin. Alipiga marufuku Uyahudi, sinagogi zikafungwa, wengi wakageuka Wakristo ama Waislamu kwa kuogopa, na kati ya watu elfu kadhaa wakabaki takriban 300 walioendelea kuomba kwa siri. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hio hio ilikuwa ndio mkesha wa Pasaka ya Wayahudi, ile sikukuu ya kutoka utumwani Misri. Ukiwa Mbale usiku wa Pasaka usishangae ukisikia Farao na Amin wakitajwa kwa pumzi moja.

"Si Waingereza walitaka kuwapa Wayahudi Uganda, ndio maana wako Mbale"

Hapana, haya ni mambo mawili hayahusiani. Ni kweli 1903 serikali ya Uingereza ilijitolea kuwapa Wayahudi wa Ulaya ardhi, na watu huuita mpango wa Uganda, lakini hio ardhi ilikuwa Uasin Gishu, upande wa Eldoret, saa hii ni Kenya. Wajumbe wakatumwa kukagua, na 1905 mkutano wa Wazayuni, Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, ukaikataa. Kakungulu alikuja miaka 14 baadaye kwa njia yake mwenyewe. Wayahudi wa Ulaya walioingia Kenya wakati ule walikuwa wachache tu, wakaanzisha jumuiya ya Nairobi 1904, ambayo ipo mpaka leo.

"Wewe Mbukusu ushatahiriwa, kwa hivyo ulikuwa nusu Myahudi tayari"

Hii nasikia kwetu sana maana Wabukusu na ndugu zetu Wagisu wa Mbale tunatahiri vijana kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kwa ngoma na tope na shangazi wakikukazia macho usipepese. Naipenda hio mila na siitupi. Lakini ile ni ya kukufanya mwanaume mbele ya ukoo, na agano la Ibrahimu ni la mtoto wa siku nane ambaye hajui ujasiri ni nini, anapokelewa tu. Hata kihistoria Abayudaya walipata taabu kwa majirani kwa sababu ya kutahiri watoto wachanga, Wagisu wakiona wanaharibu imbalu, yaani hio tohara ya vijana.

Mimi nilipoingia ilibidi itolewe tone moja la damu mahali pale pale pa zamani, ndio sheria kwa mwanaume ambaye tayari ametahiriwa. Sindano ndogo, sekunde moja. Marabi watatu, yaani viongozi wa dini ya Kiyahudi, wakaniuliza maswali, si ya kunitega, lakini waliuliza sana kama naelewa kwamba najiunga na watu ambao wamechukiwa sehemu nyingi, na kama niko tayari watoto wangu wabebe hilo jina. Baadaye nikaingia kwenye maji, bila nguo, bila saa, bila hata pete, nikazama mpaka nywele zote zikafunikwa.

"Walikulipa pesa ngapi?"

Hakuna. Na kwa kweli ni kinyume, Uyahudi hautafuti wafuasi, desturi ya marabi ni kumrudisha anayekuja ili waone kama atarudi tena. Kuingia kwangu kulichukua masomo ya muda mrefu na hakuna mtu hata mmoja aliyenibembeleza.

Hii dhana ya pesa ina ndugu yake, ile ya kwamba Wayahudi wote ni matajiri na wanaendesha dunia. Njoo Nabugoye uone matajiri wenyewe, watu wa kahawa, mahindi, matoke na mihogo, wanaomba mvua kama kila mtu. Mkulima mmoja wa huko, J.J. Keki, alikuwa New York siku ya Septemba 11, 2001, akarudi nyumbani akitaka kufanya kitu cha amani, na 2004 akaanzisha ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera ambao wanachama wake ni Wayahudi, Waislamu na Wakristo, wanauza pamoja wanagawana pamoja. Na shule za Abayudaya, ya msingi Hadassah na ile ya sekondari ya Semei Kakungulu, zinasomesha watoto wa dini zote tatu. Mtu akinitajia njama za kutawala dunia naumia, kwa sababu maneno kama hayo ndio yamewaua watu.

"Kanisa letu pia tunapuliza pembe na tunashika Sabato, sote ni Wayahudi"

Hapa naongea kwa heshima maana nina marafiki huko. Kenya kuna makanisa mengi ya Kimasihi, yana pembe la kondoo dume, shali za sala, kinara cha mishumaa saba, na Waadventista nao wanashika Sabato vizuri kuliko watu wengi. Lakini wanamwamini Yesu kama Masihi, hivyo ni Wakristo, na hakuna ubaya wowote kwa kuwa Mkristo. Uyahudi unasema Masihi hajaja na Mungu hana mwili. Kuna familia za Wakikuyu upande wa Ol Kalou, Nyandarua, jamii ya Kasuku, wao walianzia kwenye njia hio ya Kimasihi, wakaja kutambua tofauti, wakaiacha wakafuata Uyahudi, na uhusiano wao na Mbale ni wa karibu.

"Dini yenu ni sheria tupu, hakuna roho"

Hii ndio hunikera kuliko zote na ndio nataka kukaa hapa kidogo, maana mimi nilikuja kutafuta roho na nilipata mahali ambapo sikutarajia.

Baba alipofariki, mama aliniuliza, "Sasa wewe umekuwa Myahudi, baba yako utamzika aje?" Nikamwambia nitamzika kama mtoto wake, na nikamzika, padri akaongoza misa nami nikasimama kaburini na ndugu zangu. Halafu nikavuka Malaba kwenda Nabugoye kumsomea Kadishi. Kadishi ni sala ya waliofiwa, iko kwa Kiaramu, na haitaji kifo hata mara moja, ni kumsifu Mungu mwanzo mpaka mwisho. Lakini hauwezi kuisema peke yako. Lazima muwe watu wazima kumi.

Asubuhi hio ilikuwa katikati ya wiki, msimu wa kupanda, watu wako mashambani. Hatuhesabu watu kwa namba, hio ni desturi ya zamani, mzee mmoja alituhesabu kwa mstari wa mwisho wa Zaburi ya 28 ambao kwa Kiebrania una maneno kumi, anagusa kila mtu kwa macho na neno lake, "uwaokoe watu wako, uubariki urithi wako." Neno la kumi likakosa mtu. Tulikuwa tisa. Kijana akatumwa mbio, akarudi na mama mmoja ambaye alikuwa analima maharagwe, gambuti zimejaa udongo, akaacha jembe ukutani, akafunga leso vizuri kichwani akasimama nyuma yangu. Nabugoye wanawake wanahesabiwa. Kule Putti, kijiji kingine cha Abayudaya, ambao ni Wayahudi wa Kiothodoksi, tawi linaloshika sheria kwa ukali zaidi, hawahesabiwi, na hilo huwa wanabishana lakini wanazikana. Nikasema Kadishi, wote wakaitikia Amina pale pa kuitikia, mama akachukua jembe lake akarudi shambani bila hata kuningoja nimshukuru.

Huyo mama hakumjua baba yangu. Sheria ndio ilimtoa shambani. Bila hio sheria ya watu kumi mimi ningekaa na huzuni yangu kwa nyumba nikijifariji na hisia, na watu wangenitumia "pole sana" kwa WhatsApp wakaendelea na shughuli zao.

Na ukiniuliza kuhusu kutubu, watu husema ati bila Yesu mnasamehewa vipi. Siku ya Yom Kippur, siku yetu ya kutubu, tunafunga tangu jioni mpaka usiku wa pili, na tumefundishwa kwamba dhambi kati yangu na Mungu siku hio inafuta, lakini dhambi kati yangu na jirani haifutiki mpaka nimwendee jirani mwenyewe. Kwa hivyo zile siku za kabla yake utaona watu wanatembeleana wakiwa na aibu. Kuna jamaa tulikosana juu ya pesa ya kahawa, hatukuwa tunasalimiana, alikuja akakalia ile benchi nje akasema maneno matatu hivi, na ilimgharimu kuyasema, niliona. Sasa hapo roho imekosekana wapi?

"Sabato mnafungiwa kama jela"

Ati hauwashi moto, hausafiri, haushiki pesa, haushiki simu. Ndio, yote ni kweli, na ni siku tamu kuliko zote. Huku karibu na ikweta jua halitusumbui, linatua karibu saa ile ile mwaka mzima, wenzetu wa Ulaya wakati wa kiangazi wanangoja mpaka saa tatu, saa nne usiku. Mishumaa inawashwa dakika 18 kabla ya jua kutua, watoto wameogeshwa wamepakwa mafuta, gitaa na ngoma zinatolewa, na Lekha Dodi, wimbo wa kuipokea Sabato, inaimbwa kwa sauti ya Kiganda mpaka unasahau wiki ilikuwaje. Jumamosi usiku nyota tatu zikionekana tunaiaga kwa divai, mshumaa wa kusokotwa na kitu cha kunukia, kwangu huwa natumia karafuu.

Chakula nitapita haraka: si nguruwe pekee, pia hatuchanganyi nyama na maziwa, na damu hatuli. Majirani Waislamu hatusumbuani, Kurani yenyewe imewahalalishia chakula cha waliopewa Kitabu.

"Kwa hivyo unaunga mkono kila kitu Israeli inafanya"

Myahudi na Mwisraeli si kitu kimoja. Kuna Waisraeli Waislamu na Wakristo, na kuna mamilioni ya Wayahudi ambao si raia wa Israeli, na kuhusu siasa za huko tunagombana sisi kwa sisi kuliko mnavyodhani. Abayudaya wenyewe hawajapewa mlango wazi. Wengi wao walipitia utaratibu rasmi wa kuingia Uyahudi mbele ya marabi wa Kikonsevativu, moja ya matawi ya Uyahudi, 2002, Shirika la Kiyahudi (Jewish Agency), lile linaloshughulikia Wayahudi wanaohamia Israeli, likawatambua 2016, lakini baadaye wizara ya mambo ya ndani ya Israeli ikakataa kuwahesabu kwa sheria ya kurudi, ile inayompa Myahudi haki ya kuhamia Israeli. Inauma. Lakini Rabi Gershom Sizomu alisomea urabi Los Angeles akapata 2008, angeweza kubaki huko, akarudi Mbale, na 2016 watu wa Bungokho Kaskazini, ambao karibu wote si Wayahudi, wakamchagua kuwa mbunge wao.

Kama unataka kuja kuona kwa macho yako, wasiliana nao mapema usitokee tu, uje Ijumaa kabla ya saa kumi na mbili jioni, vaa nguo ya heshima, mwanaume utapewa kofia ndogo mlangoni. Simu na kamera ziweke kwa begi mpaka Jumamosi usiku. Ijumaa usiku utaalikwa kula, usikatae, na usilete nyama.