Familia Uingereza: yanayosemwa mtaani na yaliyo kwenye sheria

"Mtoto akizaliwa kule ni Mwingereza." Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu zaidi. Tangu tarehe 1 Januari 1983, kuzaliwa Uingereza peke yake hakumpi mtoto uraia. Siku anapozaliwa, mzazi mmoja lazima awe raia au awe na ukaazi wa kudumu. Kama wote wawili wako kwenye viza ya kazi au ya masomo, mtoto hufuata uraia wao, na pasipoti yake huombwa ubalozini kwao.

Kinachowachanganya wengi ni cheti cha kuzaliwa. Kila mtoto hupewa, mradi asajiliwe ndani ya siku 42 (Scotland siku 21), lakini kinathibitisha kuzaliwa tu. Mtoto huyo akiendelea kukaa nchini bila viza havunji sheria. Tatizo huanza anapopelekwa Mombasa kumsalimia bibi: akishatoka, harudi bila viza, na mama anaweza kukwama naye huku likizo yake ya kazini inakwisha. Mwombeeni viza ya mtegemezi mngali Uingereza, na tiketi ikatwe baada ya jibu kutoka. Baadaye, mzazi mmoja akipata ukaazi wa kudumu, mtoto aliye chini ya miaka 18 anaweza kuombewa usajili wa uraia. Njia nyingine ni aliyezaliwa humo kuishi humo miaka 10 ya kwanza ya maisha yake, kwa kawaida bila kukaa nje zaidi ya siku 90 katika mwaka wowote kati ya hiyo.

"Serikali inalipa watoto." Inalipa, ila si wa kila mtu. Viza nyingi za kazi na masomo zina sharti la kutogusa fedha za umma, na posho ya mtoto imo humo. Ukiidai bila haki unahatarisha viza yenyewe. Shule ya serikali haimo, hivyo mpeleke mtoto bila hofu. Chekechea ndiyo huumiza: kila mtoto wa miaka 3 na 4 England ana saa 15 za bure kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka, lakini zile saa 30 za wazazi wanaofanya kazi hamzipati ikiwa nyote wawili mna sharti hilo.

"Matibabu ni bure." Mmeshayalipia kabla ya kupanda ndege: pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, 776 kwa mtoto. Baba, mama na watoto wawili kwa viza ya miaka 3 ni pauni 10,866, zote kwa mkupuo. Wenye viza ya wafanyakazi wa afya wamesamehewa.

"Nikiomba ruhusa, mwalimu ataelewa." Ataelewa, na faini itakuja vilevile. England, siku tano za utoro ndani ya wiki 10 za shule zinatosha kuileta: pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto mkilipa ndani ya siku 21, la sivyo 160. Wazazi wawili na watoto watatu waliowahi Krismasi Moshi kabla shule hazijafungwa wanadaiwa pauni 480. Hata hivyo wapo wanaopiga hesabu ya nauli za wiki ya Krismasi na kuona afadhali faini. Wakumbuke kwamba ya pili ndani ya miaka mitatu ni 160 moja kwa moja, na ya tatu haipo. Hapo ni mahakama.

"Mtoto wa ndugu ni wangu, nani ataniuliza?" Halmashauri itauliza. Kulea aliye chini ya miaka 16 kwa siku 28 au zaidi, nawe si mzazi wala ndugu wa karibu, lazima kuarifiwe, wiki sita kabla ikiwezekana. Bibi, babu, kaka, dada, shangazi na mjomba wanahesabiwa wa karibu. Binamu hahesabiwi, kwa hiyo mama mdogo ambaye ni binamu wa mama naye lazima aarifu. Ustawi wa jamii huja kuangalia chumba, kitanda na shule, kisha hurudi mara kwa mara.