Mchungaji kugombea bunge la jimbo Marekani inaruhusiwa

Wengi bado wanaamini kule Marekani mchungaji haruhusiwi kugombea bunge la jimbo eti kwa sababu dini na serikali vimetenganishwa, jamani si kweli. Zamani marufuku hiyo ilikuwepo, katiba ya jimbo la Tennessee ya 1796 iliwazuia wahubiri kabisa, ila 1978 kesi ya Paul McDaniel, mchungaji wa Kibaptisti wa Chattanooga aliyegombea kuwa mjumbe wa mkutano wa kurekebisha katiba ya jimbo, nafasi yenye masharti yaleyale ya wabunge, ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na majaji wote walioisikiliza wakasema huwezi kumnyima mtu haki hiyo kisa ni mchungaji. Kinachobanwa ni kanisa, likiwa na msamaha wa kodi halitakiwi kumpigia kampeni mgombea. Mchungaji mwenyewe ni raia, achukue fomu.