Nguruwe wa dhahabu wa 2007 hakuwa wa dhahabu

Mpaka leo kuna watu wanasema kule Korea Kusini 2007 ulikuwa mwaka wa nguruwe wa dhahabu, eti anakuja mara moja tu kila miaka 600. Hapana. Kalenda yao ya jadi inaupa kila mwaka mnyama na rangi yake, inaunganisha wanyama 12 na alama 10 zenye rangi, mzunguko unajirudia kila miaka 60, hiyo 600 haimo kabisa kwenye mahesabu, na 2007 yenyewe ilikuwa ya nguruwe wa moto, mwekundu. Wa njano, ndo huyo wanamuita wa dhahabu, alikuja 2019. Ila watu waliamini bana, maana nguruwe kwao ni pesa, ukimuota tu unakimbilia bahati nasibu, na watoto waliozaliwa 2007 waliwazidi wa 2006 kwa kama 45,000 hivi. Tena watoto wa Januari ile ya 2007, kabla mwaka mpya wa kalenda ya mwezi haujaingia tarehe 18 Februari, kwa hesabu hiyo bado ni wa mwaka wa mbwa, ule unaotangulia wa nguruwe.