Wembe butu si wembe salama

Wengi wanaojinyoa ndevu huuogopa wembe mpya. Utasikia mtu akishauriwa atumie uliokwishaisha makali kidogo, eti ule mkali utamchana. Imani hii ni ya siku nyingi, na imekaa kinyume.

Wembe mkali hupita kwenye unywele bila kusukumwa. Ulio butu hukwama, unauvuta unywele, nawe bila kujijua unakandamiza. Unywele ukiachia ghafla, nguvu yote ya mkono inaishia kwenye ngozi.

Makali huchana pale mkono unapokosea. Ukiusogeza wembe kando, kufuata urefu wa makali yake, unapasua hata kwa kugusa tu. Kona ya wembe nayo ni ya kuchungwa, hasa chini ya pua na karibu na sikio. Ulaze wembe, kama nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi, ukiusimamisha utakwangua.

Waliosema mwenzako akinyolewa, zako tia maji, kazi waliijua: ndevu zikilowa maji ya uvuguvugu dakika mbili tatu hulainika. Kisha vuta ngozi inyooke, unyoe kufuata zinakolalia, taratibu.

Wembe wa kukunja hupitishwa kwenye mkanda wa ngozi kabla ya kunyoa. Ule wa kinyozi, wa kuchomeka nusu wembe, hubadilishwa kwa kila mteja hata kama bado unakata. Hapo tunakwepa homa ya ini na VVU.