Acheni kukoleza rangi: mng'aro wa picha hauko kwenye kitelezi

Swali limekuja tena, lile lile: "Picha zako zinaruka kutoka kwenye skrini, zangu zimepooza. Unaongeza rangi kiasi gani?" Nimelijibu kwa mdomo, kwa ujumbe na darasani, na kila nikilijibu naona aliyeuliza hajaridhika, kama vile namnyima siri. Basi naliandika hapa kwa urefu wake.

Kwenye programu za kuhariri picha kuna kitelezi cha rangi, alama unayoisogeza ili kuzikoleza. Mimi rangi huwa siongezi, au naongeza kidogo sana mwishoni kabisa. Mara nyingi napunguza, hasa kwenye kijani na nyekundu.

Imani inayonisumbua ni hii: picha inayong'aa ina rangi nyingi, kwa hiyo picha iliyopooza imepungukiwa rangi, na dawa ni kuiongezea. Inaingia akilini haraka, lakini inakosea jambo la msingi kabisa. Jicho si mita, halipimi rangi. Jicho hulinganisha. Nyekundu inakuwa kali au dhaifu kutokana na kilicho kando yake, na nyeusi inakuwa nyeusi kwa sababu kuna nyeupe karibu.

Jambo hili lina umri mkubwa. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipewa usimamizi wa idara ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kilichofuma mazulia ya kutundika ukutani. Akakuta malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilizotumika kwenye vivuli vya nguo za buluu na zambarau zilikuwa dhaifu, hazikolei. Akakusanya nyuzi nyeusi za mafundi waliosifika akazilinganisha na zake. Zake hazikuwa na upungufu wowote. Nyeusi ilichujuka machoni kwa sababu ya buluu na zambarau zilizoizunguka. Alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi rangi zinavyoathiriana zikikaa pamoja, na mwaka 1839 akatoa kitabu kizima juu ya hilo. Mtu anayesukuma kitelezi cha rangi leo anafanya kile ambacho wale walalamikaji walitaka: anaipika upya nyuzi nyeusi ambayo haina kosa.

Sasa tuangalie kitelezi chenyewe kinafanya nini, maana nadhani watu wangekiogopa wakijua. Katika picha ya kawaida ya JPEG kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, ina namba tatu, nyekundu, kijani na buluu, na kila namba iko kati ya 0 na 255. Kukoleza rangi ni kupanua pengo kati ya namba hizo: iliyo juu inasukumwa juu zaidi, zilizo chini zinashushwa. Chukua ua jekundu. Upande wa petali uliopata mwanga wa wastani una 220, 40, 45. Ukingo uliojikunja kuelekea kwenye mwanga una 245, 70, 70. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayokuambia kwamba petali imejikunja, kwamba ni kitu chenye uso na si doa. Koleza kwa nguvu. Nyekundu ya 220 inagonga 255. Nyekundu ya 245 nayo inagonga 255. Hakuna 256. Chaneli ya nyekundu, yaani namba zote za nyekundu, iliyobeba sehemu kubwa ya umbo la ua imekuwa bapa, na ua limekuwa kibandiko chekundu.

Hapo ndipo mtu anaangalia, anaona kuna kitu kimekosekana, anahisi picha bado haijang'aa, na anaongeza tena! Nimeona picha nyingi zilizofikia kikomo kwa njia hiyo. Ukizipunguza rangi kwenye faili la awali, petali inarudi, na mwenye picha anashangaa kwamba sasa inaonekana hai kuliko mwanzo. Kila nyekundu, njano na zambarau kali inastahili uifungulie histogramu (grafu ya namba hizo) ya chaneli tatu kabla hujagusa chochote. Histogramu ya pamoja itakudanganya, kwa sababu nyekundu inaweza kuwa imeshagonga ukuta huku wastani ukionekana salama.

Zaidi ya hapo, kukoleza kunakuza chengachenga za rangi kwenye vivuli, kunaigeuza ngozi kuwa ya chungwa, na kunaacha kingo chafu kwenye anga. Haya mnayajua.

Kinachofanya kazi ambayo mnadhani inafanywa na rangi ni kontrasti, tofauti kati ya sehemu angavu na za giza. Ukipinda mkunjo wa toni (mstari wa programu unaopanga mwangaza wa picha) kidogo kwa umbo la S, sehemu angavu zinapanda na vivuli vinashuka, na katika programu nyingi rangi nazo zinakolea zenyewe bila kuguswa. Sababu ni hesabu ile ile: mkunjo unapopanuka katikati, 180, 120 na 90 zinaachana zaidi. Ndiyo maana faili ghafi, yaani data ya kamera kabla haijachakatwa, likifunguliwa bila mkunjo wowote linaonekana limepauka, na anayeanza anadhani kamera yake imekosa rangi. Rangi zimo. Hazijapewa kontrasti. Kwa hiyo ukikoleza kwanza kisha ukapinda mkunjo, umekoleza mara mbili. Anza na mkunjo, kisha acha picha ikae, ukaangalie kitu kingine, urudi. Mara nyingi utakuta hakuna cha kuongeza.

Na hakikisha kuna nyeusi halisi mahali fulani. Si lazima iwe kubwa. Kona ya kivuli, mboni ya jicho, ufa kwenye ukuta vinatosha. Picha ambayo eneo lake la giza kuliko yote ni kijivu itaonekana ina ukungu hata uitie rangi zote za dunia. Mara nyingi kijivu hicho kinatoka kwenye lenzi yenyewe. Uso wa kioo usio na utando maalumu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaoupiga, na lenzi ina nyuso nyingi, kwa hiyo mwanga unaozagaa humo ndani unaishia juu ya vivuli vyako. Utando wa kupunguza mwanga huo unaorudi, alioubuni Alexander Smakula wa kampuni ya lenzi ya Zeiss mwaka 1935, ulibadilisha picha kuliko vitelezi vyote. Lakini utando haukusaidii kama lenzi ya simu ina mafuta ya vidole. Futa lenzi. Kinga lenzi dhidi ya jua kwa mkono au kwa kofia yake. Hakuna la kuongeza hapo.

Ninalotaka kulizungumza kwa kirefu ni mwako juu ya vitu, kwa sababu halisemwi na ndilo linaloua rangi nyingi kuliko yote. Jani la kijani halirudishi kijani peke yake. Sehemu ya mwanga inaingia ndani ya jani, inachujwa, inatoka kijani. Sehemu nyingine inaruka moja kwa moja kutoka kwenye ngozi yake inayoteleza, na hiyo haina rangi ya jani hata kidogo: ni rangi ya anga au ya jua. Kamera inazijumlisha zote mbili. Matokeo ni kijani kilichopakwa maziwa. Ukikoleza, unakoleza mchanganyiko huo, unapata kijani cha plastiki chenye madoa meupe au ya buluu. Mwako ulishaingia ndani ya namba, na hakuna programu inayoutoa kwa usafi.

Unautoa kabla ya kupiga, kwa filta ya polaraiza, kioo kinachofungwa mbele ya lenzi. Mwako kutoka kwenye maji, majani, kioo, rangi ya gari au mwamba uliolowa umepangika upande mmoja zaidi, na filta ikizungushwa inauzuia. Juu ya maji inafanya kazi vizuri kuliko pote pale mwanga unapopiga kwa takriban nyuzi 53 kutoka mstari wa wima. Kwa anga, buluu inazama zaidi kwenye sehemu iliyo nyuzi 90 kutoka jua. Watu wengi wanaifahamu polaraiza kama filta ya anga tu, na hilo linanikera, kwa sababu anga ndiyo sehemu inayoiharibu kwa urahisi: kwa lenzi pana unapata doa la buluu nzito katikati na pembe nyeupe. Itumieni kwenye majani. Itumieni siku ya mawingu, msituni, baada ya mvua, wakati hakuna anga kabisa kwenye fremu. Utashangaa rangi ilikuwa wapi muda wote.

Inakula mwanga, kati ya stopu 1 na 2 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), kwa hiyo shika kamera imara. Haizuii mwako wa chuma kitupu. Upinde wa mvua inaweza kuufuta kabisa ukiizungusha vibaya. Na sitaki kuiona kwenye picha za watu. Hasa ngozi nyeusi: umbo la uso mweusi linabebwa kwa kiasi kikubwa na mwako huo huo juu ya shavu, paji na mfupa wa pua. Ukiufuta, uso unakuwa bapa na mzito, kisha mpiga picha anaanza kuongeza mwanga kwa programu ili kurudisha kitu alichokiondoa mwenyewe. Kwa ngozi ninafanya kinyume: naweka chanzo kikubwa cha mwanga ubavuni ili mwako uwe mpana na laini, nao ndio unaochonga uso.

Hapo linazaliwa swali la jua. "Picha hung'aa kukiwa na jua." Inategemea jua linapiga nini na kutoka wapi. Jua la utosini juu ya majani ni kiwanda cha mwako. Mawingu mepesi yanatoa kijani na nyekundu tajiri zaidi, na tofauti ya giza na mwanga inaingia yote kwenye kamera. Jua la pembeni juu ya ukuta wenye mikwaruzo au mchanga wenye mawimbi linafanya kazi nzuri mno, kwa sababu kila kinundu kinapata kivuli chake. Flashi iliyo juu ya kamera inavifuta vivuli hivyo vyote, ndiyo maana picha zake zimekufa hata zikiwa na mwanga tele.

Kisha kuna mandharinyuma. Mtu mwenye shati jekundu mbele ya vichaka vya kijani anaweza kuzama kabisa kama shati na vichaka vina mwangaza sawa, ingawa mafunzo yatakuambia nyekundu na kijani ni rangi zinazopingana. Igeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe kwa muda. Kama mhusika amepotea, tatizo lako si rangi, na hatua mbili kuelekea kushoto, mpaka nyuma yake pawe na kivuli, zingelimaliza. Wapiga picha Wamarekani Ansel Adams na Fred Archer walipounda mfumo wao wa kanda karibu na mwaka 1940, walikuwa wakipanga hasa kitu hicho: kipi kiangukie giza gani kabla ya kufyatua. Picha za Adams za milima hazina rangi, na hakuna anayesema zimepooza.

Kuhusu hizo rangi zinazopingana, nina mashaka ambayo sijawahi kuyamaliza. Duara la rangi la wachoraji linaiweka nyekundu mbele ya kijani. Duara la mwanga, ambalo ndilo kamera inalotumia, linaiweka mbele ya samawati-kijani. Yote mawili yanafundishwa kama sheria. Katika kazi yangu njano na zambarau hufanya kazi vizuri, lakini njano ni angavu na zambarau ni ya giza, kwa hiyo inawezekana ninachokipenda ni tofauti ya mwangaza imevaa nguo za rangi. Hata zile lenzi zinazosifiwa kwa kumtoa mhusika nje ya picha kama sanamu, nashindwa kutenganisha lenzi na mwanga wa ubavuni ambao wanaozisifu huutumia karibu kila mara.

Mtu ataniletea Velvia, filamu ya Fuji iliyotoka mwaka 1990, iliyopendwa na wapiga mandhari kwa rangi zake nzito. Ni hoja ya haki. Lakini Velvia ilikuwa pia na kontrasti kali na vivuli vilivyozama mapema, na waliofanikiwa nayo walichagua mwanga kwa uangalifu mkubwa kwa sababu haikusamehe kosa la stopu nusu. Kwa ngozi wengi waliikwepa.

Jambo la mwisho ni skrini. Mtafiti wa rangi R. W. G. Hunt alionyesha mwaka 1952 kwamba rangi ile ile inaonekana imekolea zaidi mwanga wake ukiongezeka. Ukihariri simu ikiwa kwenye mwangaza wa mwisho, skrini inakukolezea bure, na picha ikichapishwa kwenye karatasi inatoka imezama na imefifia. Shusha mwangaza mpaka sehemu nyeupe ya skrini ifanane na karatasi nyeupe iliyo kando yake, kwenye chumba chenye taa ya kawaida. Hariri hapo. Kama bado kuna sehemu inayoomba rangi, tumia kile kitelezi kingine (vibrance), kinachokoleza zilizo hafifu na kuziachia zilizokwisha kukolea, au chagua rangi moja na uiguse hiyo peke yake huku histogramu ya chaneli zake iko wazi.