Ada ya nyumba si akiba yako, na mengine ambayo nshachoka kuyajibu

Mwisho wa mwezi ukifika simu yangu haipumziki. Kazi yangu ni kutengeneza mishahara, nafanyia kampuni ndogo ndogo hapa Mombasa, za ulinzi, za usafi, hoteli mbili tatu, na tangu Julai 2023 ule mstari wa ada ya nyumba ya serikali, asilimia 1.5 ya mshahara, uingie kwa pesilipu maswali ni yale yale, na majibu ambayo watu wameshapeana huko kwa matatu ni yale yale, mengi si ya kweli.

Linaloniumiza kichwa kuliko yote ni hili: "hizo pesa ni zangu, nikiacha kazi nitarudishiwa."

Juni 2025 alinijia mzee mmoja, bawabu, anastaafu. Kaja na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ndani kapiga hesabu safi kabisa. Mshahara 24,000, ada 360 kila mwezi, kahesabu kuanzia Julai 2023, akatoa miezi miwili ya mwanzo wa 2024 ambayo hatukumkata, ikabaki miezi 22, jumla 7,920, kaipigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu. Akaniuliza, "Binti yangu, hizi za nyumba mnanipa pamoja na za likizo ama nizingoje?" Na mabati alikuwa keshayawekesha dukani. Nikamwambia baba, hizo hazirudi. Akaangalia daftari, akaniangalia mimi, akaanza kupiga hesabu upya, kama kwamba tatizo ni kuzidisha.

Sasa nisikilizeni. Ada ya nyumba ni ushuru, basi. Si kama NSSF, ule mfuko wa pensheni, ambayo ina namba yako na mafungu yako na ukifika umri unaenda kuyachukua. Hii inaingia mfuko mmoja na ya kila mtu, inaenda kujenga, na hakuna mahali popote pameandikwa ati fulani wa fulani ana kiasi gani humo ndani. Ukistaafu hupewi, ukihamia Qatar hupewi, ukifa watoto wako hawapewi.

Lakini watu hawakuota, na hapa ndipo nawakasirikia waliokuwa bungeni kuliko yule mzee. Mswada wa Fedha wa 2023 ulipoingia Bungeni ulisema mfanyakazi atoe asilimia 3 na mwajiri atoe asilimia 3, jumla yao isizidi 5,000 kwa mwezi, na usipopata nyumba, baada ya miaka 7 ama ukistaafu una haki ya pesa zako. Hiyo ndiyo ilitangazwa redioni kutwa kucha, hiyo ndiyo ilikaa kichwani. Halafu makelele yakawa mengi, kamati ya fedha ikashusha mpaka 1.5, watu wakafurahi tumepunguziwa nusu! Wachache waliangalia kilichotolewa pamoja na ile nusu: kikomo cha 5,000 kimeondoka, maneno ya kurudishiwa yameondoka, na "mchango" umegeuka "ada". Hebu pigeni hesabu, mtu wa mshahara wa 300,000 kwa ule mswada wa kwanza angetoa 2,500 na siku moja azione tena, leo anatoa 4,500 na ndiyo kwaheri. Tulipunguziwa asilimia tukanyang'anywa pesa yenyewe, na kwa vile mshahara mdogo ndio mwingi hapa mjini, watu waliona tu namba imeshuka wakanyamaza.

Kwa hivyo mtu akija kwangu na "nilisikia kwa masikio yangu", ni kweli ulisikia. Ulisikia mswada. Mswada si sheria mpaka upigiwe kura ya mwisho na usainiwe, na ule uliosainiwa haukuwa ule uliousikia.

La pili, "korti ilitupa hiyo kitu, mbona bado mnakata?" Na ndugu yake, "si Rais aliondoa Mswada wa Fedha wa 2024 vijana walipoandamana?" Yote mawili yalitokea na hakuna hata moja linalokusaidia. Mahakama Kuu ilisema tarehe 28 Novemba 2023 ile ada haikufuata katiba, na sababu moja ilikuwa kwamba inawabana walioajiriwa peke yao. Mahakama ya Rufaa Januari 26, 2024 ikakataa kuiacha iendelee. Ndiyo ile miezi tuliyopumua. Bunge likafanya nini? Likaleta sheria mpya kabisa, Sheria ya Nyumba Nafuu, kwa lile lalamiko la ubaguzi dawa yao ikawa ni kuwaingiza na wasiokuwa na pesilipu. Wabunge wakabishana, wengine wakisema mwananchi ameshaelemewa na unga na mafuta na karo, wengine wakisema nchi ina upungufu wa nyumba milioni 2 na vijana wanataka kazi za mjengo, ikapita kwa kura 141 dhidi ya 58, Rais akasaini tarehe 19 Machi 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa kitu kingine, uliondolewa Juni, ada ya nyumba haikuanzishwa na huo, iko kwenye sheria yake yenyewe. Oktoba 2024 Mahakama Kuu ikaulizwa tena kuhusu hii mpya, ikasema iko sawa. Kwa hivyo usinipigie saa 3 usiku kuniambia nakukata kinyume cha sheria.

"Mimi nakatwa, kwa hivyo nyumba nitapata." Aa aa. Kukatwa si foleni ya nyumba. Nyumba inaombwa, unajisajili Boma Yangu, ule mtandao wa serikali wa kuomba nyumba, unaweka akiba ya dipositi mwenyewe, unachaguliwa ama huchaguliwi, na ukichaguliwa unalipa kila mwezi. Zile nyumba 1,080 walizokabidhiwa watu wa Mukuru, Nairobi, Mei 2025 hawakupewa bure, chumba kimoja ni kama 3,900 kwa mwezi. Na wenzangu wa Mombasa, acheni kunionyesha Buxton, ule mradi ni wa kaunti na mwekezaji, ulianza kabla ada haijazaliwa.

Wabunge hawakatwi? Mshahara wao unakatwa kama wako. Bonasi nayo na malipo ya likizo? Hayakatwi, ada ni ya mshahara na marupurupu ya kila mwezi. Kibarua naye anakatwa, ndiyo.

Hili la mwajiri sasa, na hapa ndio nataka mfungue macho. Kuna 1.5 yako na kuna 1.5 ya mwajiri, na ya mwajiri inatoka mfukoni mwake. Nimeshaona kwa macho yangu pesilipu ya kampuni moja (si mteja wangu, na hawi) ina "ada ya nyumba" mara mbili, zote zimetolewa kwa mfanyakazi, dada wa watu anakatwa asilimia 3 na kaambiwa ndivyo serikali ilivyosema. Uongo! Mshahara wa 20,000 makato yako ni 300, ikizidi hapo uliza kwa sauti. Na akikukata halafu asipeleke KRA, mamlaka ya kodi, kufikia siku ya 9 ya kazi ya mwezi unaofuata, faini ya asilimia 3 kila mwezi ni yake, haina haki kuonekana kwako.

Jambo zuri moja, ambalo hakuna anayeniuliza. Tangu 27 Desemba 2024 ada inatolewa kabla PAYE, kodi ya mapato ya mshahara, haijahesabiwa. Mtu wa 60,000 anakatwa 900, na kwa sababu hiyo 900 haitozwi asilimia 30, anaokoa 270 kwenye PAYE. Nafuu ya zamani ya asilimia 15 ya ada ilikuwa inampa 135 tu. Mzee wangu wa 24,000 hakuambulia kitu, maana kwa mshahara huo PAYE yake ni sufuri, hakuna cha kupunguzwa. Ndivyo hesabu ilivyo, wa chini analipa 360 yake nzima na wa juu anapunguziwa.

Na kodi ya nyumba, kwa kuwa mnaniuliza ijapokuwa si kazi yangu: "kuna sheria inazuia mwenye nyumba kupandisha." Ipo, inawalinda wanaolipa isiyozidi 2,500 kwa mwezi. Nionyesheni chumba cha bei hiyo Bombolulu nihamie kesho.

Mzee aliniachia lile daftari mezani. Mabati alichukua nusu.