Sekunde 8, milimita 6: namna ninavyosoma takwimu za mbio za baiskeli

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote, kila Julai ikifika, ni hili: inakuwaje mtu anashinda Tour de France, mbio za wiki tatu za Ufaransa, bila kushinda hata hatua moja, yaani mbio ya siku moja kati ya hizo? Anayeuliza huwa amefuatilia mbio kwa wiki tatu, kila jioni kaona mtu mwingine akinyanyua mikono kwenye mstari wa kumalizia, halafu siku ya mwisho jezi ya njano, ile ya anayeongoza, anakwenda nayo mtu ambaye hakunyanyua mikono hata mara moja. Anahisi kuna jambo ameambiwa nusunusu.

Nimetunza majedwali ya mbio hizi kwa miaka mingi, na jibu langu ni lile lile. Mshindi wa Tour si mtu aliyeshinda mara nyingi. Ni mtu ambaye muda wake wa hatua zote ukijumlishwa unakuwa mdogo kuliko wa wenzake. Basi. Ukilishika hilo, takwimu karibu zote zinazoonekana za ajabu kwenye mchezo huu zinaeleweka, na zinazidi kupendeza.

Washindi wa namna hiyo wapo wanane: Firmin Lambot mwaka 1922, Roger Walkowiak 1956, Gastone Nencini 1960, Lucien Aimar 1966, Greg LeMond 1990, Óscar Pereiro 2006, Chris Froome 2017 na Egan Bernal 2019. Upande wa pili wapo walioshinda kila walipogeuka wakarudi nyumbani mikono mitupu. Charles Pélissier alishinda hatua 8 mwaka 1930 akamaliza wa 9. Freddy Maertens naye alishinda hatua 8 mwaka 1976 akamaliza wa 8. Kushinda hatua kwa kumpita mwenzako tairi moja hakukupi muda wowote wa maana, lakini kuachwa mlimani siku moja kunaweza kukugharimu dakika 10.

Pereiro ndiye ninayempenda kumtolea mfano. Mwaka 2006 aliporomoka vibaya kwenye milima ya Pyrenees, akapoteza dakika zaidi ya 25 kwa siku moja. Siku mbili baadaye, kwenye barabara ya kutoka Béziers kwenda Montélimar, alichomoka na wenzake wanne. Kwa kuwa alikuwa mbali sana kwenye msimamo, hakuna timu iliyoona sababu ya kujichosha kumfukuza. Walifika mbele ya pelotoni, yaani kundi kubwa la waendeshaji, kwa karibu dakika 30, na Pereiro akavishwa jezi ya njano. Hata hatua yenyewe hakushinda, aliishinda Jens Voigt. Paris alifika wa pili, na Floyd Landis alipovuliwa ubingwa kwa dawa zilizokatazwa, taji likawa lake. Utaona kwamba kuporomoka kwake ndiko kulikomfungulia mlango: angepoteza dakika 5 tu, wasingemwacha aende.

Sasa hebu tuzitazame sekunde zenyewe, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Julai 23, 1989, hatua ya mwisho ya Tour ilikuwa mbio za kushindana na saa, kila mtu akiendesha peke yake, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris. Laurent Fignon alikuwa mbele ya LeMond kwa sekunde 50. Ili kumpita, LeMond alihitaji kuokota zaidi ya sekunde 2 katika kila kilomita, dhidi ya mtu aliyekwishashinda Tour mara mbili. Alifunga kwenye usukani vile vishikio vya kulaza mikono mbele, vilivyotoka kwenye mchezo wa triathloni, akavaa kofia iliyochongoka nyuma. Fignon alipanda kichwa wazi, nywele zake ndefu zimefungwa mkia, zikipigwa na upepo. LeMond alitumia dakika 26 na sekunde 57, mwendo wa kilomita 54.545 kwa saa. Fignon alitumia dakika 27 na sekunde 55. Tofauti sekunde 58, ukitoa zile 50 zinabaki 8.

Mbio nzima ilikuwa kilomita 3,285, na LeMond alizimaliza kwa saa 87, dakika 38 na sekunde 35. Nimeipiga hesabu hii mara nyingi, na kila mara inanisisimua: kwa mwendo wa wastani wa mbio zile, sekunde 8 ni kama mita 83. Wiki tatu za kupanda na kushuka milima, halafu kinachomtenganisha wa kwanza na wa pili ni umbali usiofika urefu wa uwanja wa mpira. Hiyo ndiyo tofauti ndogo kuliko zote katika Tour ya wanaume.

Lakini jedwali la mwaka ule lina mtu wa tatu, ambaye husahaulika. Pedro Delgado, bingwa mtetezi, alichelewa kufika kwenye jukwaa la kuanzia siku ya kwanza kabisa, pale Luxembourg. Saa ilianza kuhesabu bila yeye. Alipoondoka alikuwa tayari nyuma kwa dakika 2 na sekunde 40, na alimaliza Tour akiwa wa tatu, nyuma kwa dakika 3 na sekunde 34. Soma namba hizo mbili pamoja, halafu uniambie kama kuna ukurasa wa takwimu unaouma kuliko huo.

Kwenye mbio kubwa nyingine pengo linabana vilevile. Giro d'Italia, ile ya Italia, ya 1948 Fiorenzo Magni aliichukua kwa sekunde 11, na Vuelta a España, ile ya Hispania, ya 1984 Éric Caritoux aliichukua kwa sekunde 6. Rekodi ya Tour zote, za wanaume na wanawake, ni ya Kasia Niewiadoma: sekunde 4, mwaka 2024. Alianza hatua ya mwisho ya Tour de France ya wanawake akiwa na akiba ya dakika 1 na sekunde 15 mbele ya Demi Vollering. Kwenye mlima wa Alpe d'Huez Vollering alimwacha kwa dakika 1 na sekunde 1, akapata na bonasi ya sekunde 10, yaani sekunde zinazopunguzwa kwenye muda wake, kwa kushinda hatua. Toa 61, toa 10, katika 75. Zinabaki 4. Na Vollering siku tatu kabla ya hapo alianguka akiwa ndani ya jezi ya njano, akapoteza zaidi ya dakika moja na nusu kwenye hatua ambayo haikuwa na mlima wa kutisha. Tour ile watu wanaikumbuka kwa Alpe d'Huez. Mimi nikilitazama jedwali naona lami ya hatua ya tano.

Kuna jambo linalowachanganya wengi hapa: pelotoni inapofika pamoja, wote huandikiwa muda mmoja. Wa kwanza na wa mia moja wanaweza kuwa wameachana mita mia na zaidi, lakini kama hakuna pengo lililokatika katikati yao, saa inawahesabu ni kitu kimoja. Ndiyo maana jezi ya kijani, ile ya shindano la nafasi za kumalizia, haihesabiwi kwa muda bali kwa alama, na ndiyo maana aliyeichukua mwaka 2024, Biniam Girmay wa Eritrea, aliipata kwa kupigania nafasi mita za mwisho, siku baada ya siku, huku akishinda hatua 3. Yeye ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour. Kwa watu wa namna yake, sekunde ni kipimo kikubwa mno.

Mwaka 2017, pale Nuits-Saint-Georges, Marcel Kittel na Edvald Boasson Hagen walitupa baiskeli mbele kwa pamoja. Kwa macho hakuna aliyejua. Picha ilionyesha milimita 6 upande wa Kittel, muda wa sekunde 0.0003. Alama 50 kwa mmoja, 30 kwa mwingine.

Nieleze picha ile inavyopatikana, kwa sababu watu hudhani ni picha ya kawaida. Kamera ya mstari wa kumalizia haitazami barabara. Inatazama ufa mmoja mwembamba, mstari wenyewe tu, na kuupiga picha hadi mara 10,000 kwa sekunde, kisha inaziunga vipande kwa vipande kuanzia wa kwanza. Kwa hiyo kila kitu unachokiona kwenye picha ile kiko mahali pamoja, juu ya mstari, ila kwa nyakati tofauti. Kutoka upande mmoja hadi mwingine unasoma muda, husomi umbali. Ndiyo maana magurudumu hutokea yamepinda kama yai. Mwamuzi anachofanya ni kuweka uzi wima kwenye ukingo wa mbele wa tairi la kila mmoja na kusoma saa.

Mkiani nako kuna hesabu zake, na si za kubeza. Wa mwisho kwenye Tour huitwa taa nyekundu, kwa sababu ya taa iliyokuwa ikining'inia nyuma ya behewa la mwisho la treni. Wim Vansevenant wa Ubelgiji alikuwa wa mwisho mara tatu mfululizo, 2006 hadi 2008, akiwa kazini: kuwaletea wenzake maji, kuwakinga upepo, halafu kufika kwa wakati wake. Mwaka 1969 Pierre Matignon, akiwa wa mwisho kwenye msimamo, alishinda hatua ya kilele cha Puy de Dôme mbele ya Eddy Merckx, tena mwaka ambao Merckx alichukua jezi ya njano, ya kijani na ubingwa wa milima kwa pamoja.

Nafasi ya mwisho iliwahi kugombewa kwa nguvu, maana ilikuwa na jina, na jina lilikuletea mialiko ya kulipwa kwenye mbio za mijini baada ya Tour. Mwaka 1979 waliokuwa wakiigombea ni Gerhard Schönbacher na Philippe Tesnière. Ilipofika mbio ya kushindana na saa pale Dijon, kila mmoja alitaka kwenda polepole kuliko mwenzake. Tatizo ni kikomo: ukipitiliza muda wa mshindi kwa zaidi ya asilimia 20, unaondolewa mashindanoni. Bernard Hinault alishinda kwa saa 1, dakika 8 na sekunde 53, kwa hiyo kikomo kilikuwa karibu saa 1, dakika 22 na sekunde 40. Schönbacher alifika kwa saa 1:21:52. Tesnière alifika kwa 1:23:32, akaondolewa. Nimeshawahi kuona watu wakicheka wakisimuliwa habari hii. Mimi naiheshimu. Kukadiria mwendo wa mtu mwingine, tena Hinault, na kupitiliza kikomo kwa chini ya dakika moja tu, si kazi ya mtu asiyejua baiskeli.

Kikomo hicho kiliwahi kuinasa pelotoni nzima. Mwaka 2001, siku ya mvua kwenye njia ya Pontarlier, waliochomoka 14 walifika dakika 35 na sekunde 54 mbele ya kundi. Kwa sheria ilivyoandikwa, kila mtu aliyebaki nyuma alipaswa kwenda nyumbani. Waamuzi waliwasamehe, maana Tour ingebaki na watu 14.

Nimalizie na jedwali moja dogo. Raymond Poulidor wa Ufaransa alishiriki Tour mara 14, akapanda jukwaa la tatu bora Paris mara 8. Mwaka 1964 Jacques Anquetil alimshinda kwa sekunde 55. Na katika mara hizo zote hakuivaa jezi ya njano hata siku moja. Alifariki Novemba 2019.

Juni 2021 mjukuu wake, Mathieu van der Poel, alishiriki Tour kwa mara ya kwanza. Baada ya hatua ya kwanza alikuwa nyuma ya Julian Alaphilippe kwa sekunde 18. Hatua ya pili ilipanda kilima cha Mûr-de-Bretagne mara mbili. Watu wengi walishangaa kumwona akishambulia mara ya kwanza, mapema mno kwa mtu anayetaka kushinda. Lakini pale juu palikuwa na bonasi ya sekunde 8. Alizichukua, akarudi kundini, akavuta pumzi, na mara ya pili akashambulia tena na kushinda: bonasi nyingine 10, na Alaphilippe akafika sekunde 8 baadaye. Nane na kumi na nane ni 26. Toa 18. Alikuwa ameipata jezi ya njano kwa sekunde 8. Alipovuka mstari alinyoosha kidole juu mbinguni, halafu akalia. Aliivaa siku 6.